Nyasi bandia zikichoma: maji, kivuli, ujazo, zuria jipya au kupunguza eneo?

Katika mitaa mipya ya Maskati, iwe Al Khoud, Mabela au Al Amerat, ua wa nyasi bandia umeshakuwa jambo la kawaida. Fundi huja asubuhi na marobota yake, husawazisha mchanga, hutandika, hugundisha maungio, na kabla ya Magharibi saruji yote imegeuka kijani. Novemba hadi Machi hakuna anayelalamika. Mwezi wa tano ukiingia, mtoto anatoka pekupeku kuufuata mpira wake, anapiga hatua mbili, na anarudi ndani mbio akilia.

Kuanzia hapo kila mtu ana dawa yake. Jirani anasema mwagia maji. Shemeji anasema weka neti. Muuzaji anasema zuria lako ni la kizamani, limetoka jipya lisiloshika joto. Wote wana sehemu ya ukweli, ndiyo maana kuchagua kunakuwa kazi. Hapa nazilinganisha njia tano kwa vigezo vilevile, nikiitazama zaidi Oman. Anayeishi Dubai au Doha ataona hali yake haiko mbali na ya Maskati, na ndugu aliyeko Phoenix kule Arizona azingatie zaidi ninaposema Nizwa na bara.

Joto lenyewe linatoka wapi

Wengi tunalaumu hewa. Hewa ina mchango wake, lakini mkosaji mkuu ni mwanga wa jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah nchini Marekani, waliupima uwanja wao wa nyasi bandia mwaka 2002. Siku ambayo hewa ilikuwa nyuzi 37, uso wa uwanja ulifika nyuzi 93. Wastani wa mchana kutwa ulikuwa nyuzi 47 hivi, ilhali nyasi za kweli zilizokuwa jirani zilibaki karibu nyuzi 26. Waliona pia kwamba wingi wa mwanga uliamua joto la uwanja kuliko hewa ilivyoamua, na kwamba mistari myeupe na sehemu zenye kivuli hazikupanda kama kwingine.

Jani la kweli hutoa mvuke, na kwa mvuke huo hujipoza. Uzi wa plastiki hauna maji ya kutoa. Unaupokea mwanga, na kwa kuwa plastiki haipitishi joto upesi kwenda chini, moto unabaki palepale juu, unapokanyaga. Lakini wembamba wa uzi huo una upande wake wa heri: uzi hauna uzito wa kuhifadhi joto, hivyo jua likiondoka unapoa haraka kuliko pevingi (matofali ya kutandika ua) au saruji. Kakanyage baada ya Magharibi mwezi wa sita uone. Zuria limeshatulia, pevingi ya pembeni bado inatoa moto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Bila shaka kupoa huko kuna mpaka, maana hewa yenyewe ikiwa moto zuria halina pa kukimbilia. Quriyat, tarehe 26 Juni 2018, hewa haikushuka chini ya nyuzi 42.6 saa zote ishirini na nne.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji. Maskati iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, kwa hiyo mwezi wa sita jua la adhuhuri linasimama utosini. Ukuta wa ua, hata uwe na urefu wa mita tatu, hauna kivuli cha maana saa sita mchana. Alasiri jua linateremka magharibi, tena limeegemea kaskazini. Ua wa kaskazini mwa nyumba, ambao watu hudhani una nafuu, unapigwa na jua la asubuhi na la jioni pia.

Vigezo

Kinachotangulia vyote ni saa. Ua huu unataka kuutumia saa ngapi? Serikali ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Kama nyumbani kwako hakuna anayetaka kukaa nje saa hizo, huna haja ya kulipia ubaridi wa saa hizo. Mtu anayetaka kunywa chai nje saa moja usiku na mtu mwenye mtoto anayetambaa saa nne asubuhi hawana tatizo moja, ingawa wamenunua zuria moja.

Baada ya saa, nimeangalia mambo manne: njia inashusha joto kiasi gani na kwa muda gani; inafanyaje kazi pwani penye unyevunyevu na bara pakavu; inakula maji na fedha kiasi gani, mwanzoni na kila mwezi; na kazi inayobakia kwako fundi akishaondoka.

Mstari wangu wa hatari ni nyuzi 50. Ngozi ikigusa kitu chenye joto hilo inaweza kuumia ndani ya dakika kumi. Chini ya hapo tunazungumzia raha, juu ya hapo tunazungumzia usalama. Kipimajoto cha mwale, kile chenye umbo la bastola, si ghali, na ukikielekeza kwenye zuria saa nane mchana mjadala mwingi wa nyumbani unaisha. Usipokuwa nacho, laza nyuma ya kiganja chako kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, usimruhusu mtoto wala paka.

Kumwagia maji

Hakuna njia inayoshusha joto haraka kuliko hii, na hakuna ambayo faida yake inaondoka haraka kama hii. Watafiti walewale wa Utah walimwagilia uwanja wao uliokuwa na nyuzi 79 ukashuka hadi 29. Baada ya dakika tano ulikuwa umerudi nyuzi 49, na baada ya dakika ishirini nyuzi 73. Kwa jua la mchana, basi, maji yanakununulia dakika. Kwa jua linalokaribia kuchwa hesabu ni nyingine: unamwagia mara moja, jua linaondoka kabla zuria halijapanda tena, na umemaliza.

Bara, kama Nizwa au Ibri, hewa ni kavu na maji yanakauka mbio. Ubaridi unakuwa mkali lakini mfupi. Pwani, hasa Julai na Agosti, maji yanachelewa kukauka na zuria linabaki na unyevu kitambo. Mguu unapata nafuu, ila wewe uliyesimama juu yake unavuta mvuke kwenye hewa iliyokwisha kushiba mvuke. Jasho halikauki. Wanaolalamika kwamba kumwagia maji kunafanya ua uwe kama hamamu hawajakosea.

Gharama ya kuanzia ni ndogo, kwani mpira wa maji tayari unao. Gharama ya kuendelea ndiyo ya kuangalia. Kuondoa joto la saa moja la jua kali kunahitaji zaidi ya lita moja ya maji ikauke katika kila mita ya mraba. Ua wa mita za mraba 50 unataka lita 50 na ushei kwa saa, na hayo ni yale yanayokauka tu, bila kuhesabu yanayopenya kwenda chini. Maji ya Maskati ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni, si ya kuchezea. Kwenye visima vya pwani ya Batinah, ambako maji ya bahari yameingia ardhini, utamwagia chumvi pamoja na maji, na baada ya wiki chache ncha za nyasi zitakuwa na ukungu mweupe. Na huko Nizwa sidhani kuna mzee atakayekubali zamu yake ya falaj, ule mfereji wa kale wa maji, imwagiwe plastiki.

Anayeishi Ghuba analijua na hili: kiangazi bomba la baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu tangi liko juu ya dari likipigwa na jua kutwa. Watu huzima hita na kuyafanya maji ya ndani ya hita kuwa ndiyo ya baridi. Maji hayo ya tangi bado yatapoza zuria, kwa kuwa kinachopoza hasa ni kukauka kwake. Lakini yale ya kwanza, yaliyolala ndani ya mpira uliokuwa umetandazwa juani, yanaweza kumuunguza mtoto. Yaachie yatokee kwenye ndoo kwanza.

Kazi inayobaki ni ya kila siku, isipokuwa ufunge vinyunyizio vyenye saa. Hakikisha pia sakafu ya chini ina mwinamo na matundu ya kutolea maji. Zuria lililotandikwa juu ya saruji tambarare likimwagiwa kila jioni litaanza kunuka, na mbu watajua njia.

Njia hii inamfaa mwenye matumizi mafupi yanayojulikana saa yake: nusu saa ya watoto kabla ya Magharibi, wageni wa Ijumaa, mechi ya jioni.

Kivuli

Kwa kuwa tatizo ni mwanga, kivuli kinauzuia mwanga kabla haujafika. Zuria lililo chini ya kivuli kizito hukaa karibu na joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 42, usitegemee zuria la nyuzi 25, ila utakuwa umetoka kwenye eneo la kuunguza na kuingia kwenye eneo la kuvumilika. Na ubaridi huo unadumu kadiri kivuli kinavyodumu, bila tone la maji. Pwani na bara kinafanya kazi sawa. Ni faida ambayo njia nyingi nyingine hazina.

Ugumu uko kwenye ufungaji. Nimeona neti nyingi zilizofungwa vizuri sana mahali pasipofaa. Neti iliyolazwa juu inakinga jua la utosini, lakini saa kumi jioni, wakati ambao watu wanaanza kutoka nje, kivuli chake kimeshahamia mashariki, juu ya ukuta au nyumbani kwa jirani. Anayetaka kivuli cha jioni anahitaji kitu cha kusimama upande wa magharibi na kaskazini-magharibi: pazia la neti linaloshuka, uzio wa mbao wenye nafasi, au mti. Kabla ya kuchimba shimo hata moja, chukua kiti, kiweke mahali mtoto anapocheza, na utazame kivuli cha kitu kirefu chochote saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwezi wa sita fanya hivyo, si Januari, kwa maana Januari jua linapita kusini na litakudanganya.

Chagua neti iliyofumwa, inayopitisha hewa, yenye kukinga asilimia 80 au 90 ya mwanga. Turubai zima linakinga zaidi lakini linafungia hewa moto chini yake, na upepo ukija linageuka tanga. Upepo wa Oman si wa mzaha. Vimbunga vya Gonu mwezi Juni 2007 na Shaheen mwezi Oktoba 2021 viliwaonyesha watu wa Maskati na Batinah kinachotokea kwa kila kitu kilichofungwa nusunusu. Neti iwe ya kufunguka, na mtu wa nyumbani ajue kuifungua bila kumwita fundi. Ukitaka nguzo za chuma na msingi wa zege, waulize Baladiya (manispaa) kwanza kuhusu kibali.

Fedha zinatoka nyingi mwanzoni na kidogo baadaye. Neti nzuri huishi miaka kadhaa, kisha jua linaikausha na kuanza kuchanika kwenye pindo. Mti ni rahisi kununua na ghali kwa subira. Mwarobaini unakua upesi na una kivuli kizito, ila mizizi yake inatafuta maji, usiupande karibu na bomba wala karo. Mkunazi unastahimili ukame na chumvi kiasi, lakini una miiba, na mwiba wa mkunazi ndani ya nyasi bandia hauonekani mpaka uukanyage. Ghafu ni mti wa kwao, hauombi maji mengi, ila kivuli chake ni chepesi. Mtende uko karibu kila nyumba na bado kivuli chake ni cha kubahatisha.

Kuna pia banda la makuti ya mtende juu ya fremu, kama yalivyojengwa mabanda ya zamani ya pwani ya Batinah. Linapitisha hewa na halina mwonekano wa karakana. Usichome mishikaki chini yake, basi, kwa sababu utakuwa na makuti makavu juu na plastiki chini.

Kivuli kinamfaa mwenye watoto wadogo, mwenye kutumia ua mchana, mwenye nyumba yake mwenyewe, na yeyote ambaye maji kwake ni ghali au ya chumvi. Mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja atakipata kwa sura ya mwavuli mkubwa na pazia la kufungwa kwa kamba, basi.

Kubadilisha ujazo

Ujazo ni kile kinachomwagwa katikati ya nyuzi za nyasi ili zisimame: chembe nyeusi za mpira wa matairi, mchanga wa silika, au aina mpya zinazoshika maji, kama zeolaiti (aina ya madini), mchanga uliopakwa kemikali ya kunyonya maji, na nyuzi za nazi. Nyua nyingi za nyumbani zina mchanga tayari. Ukiona chembe nyeusi zikiruka mtoto anapokimbia, ujazo wako ni wa mpira.

Kutoka mpira kwenda mchanga wa rangi hafifu kunasaidia kiasi. Msitarajie miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walilinganisha nyuzi za nyasi na ujazo wa rangi na aina mbalimbali, na hawakupata mchanganyiko ulioshusha joto kwa kiasi cha kumfanya mtu apumue. Joto likipungua nyuzi tano au kumi kutoka juu ya sabini, mguu hauoni tofauti.

Ujazo unaoshika maji ni habari nyingine, lakini uusome kama msaidizi wa maji. Ukikauka, ni mchanga tu. Ukiloweshwa asubuhi au usiku, unayaachia maji polepole na kurefusha ule ubaridi ambao maji matupu yanakupa kwa dakika. Bara unafanya vizuri mradi uloweshwe mara kwa mara. Pwani, mwezi wa nane, hewa iliyojaa mvuke inaupunguzia nguvu. Muuzaji akikuambia unapoza kwa siku mbili, muulize ulipimwa wapi, saa ngapi, na hewa ilikuwa na unyevu kiasi gani. Akijibu kwa kukuonyesha picha ya mtoto anayecheka, umepata jibu.

Fedha ni za wastani: ununuzi, kufyonza ule wa zamani, kumwaga mpya, kuuchana uingie. Maji unaendelea kulipa, ila machache kuliko ya kumwagia juu kila saa. Kazi inayobaki ni kuongeza unaopeperuka na kuchana nyasi zilizolala. Zeolaiti ina ziada moja: inapunguza harufu ya mkojo wa paka na mbwa. Na kwa wanaofikiria ujazo wa mpira, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayopiga marufuku kuuza chembe hizo za plastiki na mpira kwa ajili ya viwanja, ukatoa miaka minane ya mpito. Oman si Ulaya, lakini viwanda vinafuata soko kubwa.

Unamfaa mwenye zuria ambalo bado zima, mwenye uwanja wa mpira au ua wa wanyama, na aliye tayari kulowesha kwa ratiba.

Zuria jipya lenye rangi ya kuakisi

Baadhi ya viwanda sasa vinatia kwenye uzi rangi inayoakisi sehemu ya mwanga wa jua usioonekana kwa macho, ule unaobeba karibu nusu ya joto lake. Jani linaonekana kijani vilevile lakini linameza joto pungufu. Wazo ni sahihi, na unafuu upo saa zote za jua bila maji. Ukubwa wake ndio wa kubishaniwa. Zuria hili linapunguza joto, haliliondoi, na kwenye jua la adhuhuri la Maskati bado litapita mstari wa nyuzi 50. Kabla ya kununua omba kipande cha kuondoka nacho, kiweke juani kando ya zuria lako, pima vyote viwili saa moja baadaye. Duka lisilotoa kipande, achana nalo.

Pwani na bara halina upendeleo, ingawa vumbi la bara likilifunika linapunguza kuakisi, hivyo lifagiliwe. Gharama ni kubwa kuliko zote kama zuria la sasa bado halijachoka. Kama limechoka, tofauti ya bei kati ya la kawaida na hili inaweza kuwa na maana. Ukinunua, chukua la rangi hafifu, lenye nyuzi fupi zisizosongamana sana.

Kabla hujalipia zuria lolote, tazama madirisha. Vioo vya kisasa vinavyorudisha jua ili kukusaidia na kiyoyozi vinaweza kulielekeza jua hilo kwenye mstari mmoja wa ua. Hapo juu ya zuria panakutana jua mara mbili, na polithilini ya kawaida, plastiki ya nyasi hizi, inayeyuka kati ya nyuzi 110 na 130. Ukiona michirizi iliyosinyaa na kung'aa, yenye umbo la kupinda, si ubovu wa zuria wala sigara ya mgeni. Weka neti nje ya kioo, la sivyo zuria jipya litasinyaa palepale.

Linamfaa anayejenga sasa au anayebadilisha kwa sababu nyingine.

Kupunguza eneo la nyasi

Hii watu huiona kama kushindwa, na mimi siioni hivyo. Ua wa mita za mraba 80 ambao watoto wanacheza kwenye 20 hauna sababu ya kuwa plastiki yote. Acha zuria mahali penye kivuli, kwingine weka changarawe za rangi hafifu, mimea ya ukame, au kipande kidogo cha nyasi za kweli.

Ukoka unajulikana kwetu sote, unastahimili joto kuliko nyasi nyingi, na ukipata maji unabaki baridi mguuni hata mchana. Paspalamu ya pwani, aina nyingine ya nyasi, inavumilia maji yenye chumvi, ndiyo maana inapandwa sana kwenye viwanja vya gofu vya Ghuba. Lakini nyasi za kweli katika kiangazi cha hapa zinataka lita 8 au zaidi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kipande cha mita za mraba 15 kinabebeka. Ua mzima ni bili.

Changarawe zinapata moto pia, na zinauhifadhi hadi usiku kuliko zuria, kwa hiyo usiziweke mahali unapokusudia kukaa jioni. Pevingi ni hivyohivyo. Pwani nyasi za kweli hushambuliwa na fangasi wakati wa unyevu mwingi, bara zinakunywa zaidi. Fedha za kuanzia zinategemea unachoweka, na kazi inayobaki kwenye ukoka ni ile uliyoikimbia ulipoweka plastiki: kukata, kupalilia, kutia mbolea.

Njia hii inamfaa mwenye ua mkubwa, mwenye muda au mtunza bustani, na mwenye zuria lililochakaa upande mmoja tu.

Kwa hali yako

Una mtoto wa miaka miwili na unataka atoke asubuhi: anza na kivuli cha juu, kipime kwa kipimajoto saa nne, na uwe na mpira wa maji kama nyongeza. Maji peke yake yatakuchosha kabla ya wiki kuisha. Kandambili ziwe mlangoni, kivuli kiwepo kisiwepo.

Mnakaa nje baada ya Isha tu: huenda huhitaji kununua chochote. Zuria litapoa lenyewe. Kama linachelewa, chunguza kilicho chini na kando yake, maana mara nyingi ni saruji na pevingi zinazotoa joto la mchana. Mwagia hizo maji Magharibi.

Mnapenda kutoka saa kumi na moja jioni: pazia la magharibi litakufaa kuliko neti ya juu, na kumwagia mara moja kabla ya kutoka kutamalizia.

Uko kwenye nyumba ya kupanga: mwavuli, pazia la kamba, na maji kwa saa maalumu. Usinunue ujazo wala zuria kwa ajili ya mwenye nyumba, ila kama amekubali kukata kwenye kodi.

Zuria liko juu ya dari: fikiria uzito na upepo kabla ya kivuli, na mwinamo kabla ya maji. Nguzo za neti zisitobolewe kwenye tabaka la kuzuia mvua. Sanduku zito la mimea linaweza kuwa msingi wa nguzo, mradi mhandisi amesema dari inabeba.

Unaishi Nizwa, Ibri au mahali pakavu kama hapo: maji na ujazo unaoshika maji vinakulipa zaidi kuliko vinavyomlipa mtu wa Maskati, lakini kisima chako kikiwa na chumvi rudi kwenye kivuli.

Una paka au mbwa: kivuli kwanza, zeolaiti pili, na kila siku suuza palepale wanapokojoa, kabla jua halijapachemsha.

Unamiliki kiwanja cha kukodisha cha mpira wa miguu: panga mechi za kiangazi kuanzia saa mbili usiku, lowesha saa moja kabla ya ya kwanza, na fedha za zuria la kuakisi ziweke kwenye taa.

Na kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie mchoraji akuonyeshe kivuli cha nyumba tarehe 21 Juni saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Zuria litandikwe mahali kivuli kinapoangukia saa zako.